Soda ya Kuagana

Walituita uani, pale tulipokuwa tunaanika kahawa, wakatupanga kwenye kivuli cha ghala kama watoto wanaosubiri chanjo. Mimi na mume wangu hatukusimama pamoja. Yeye alisimama na watu wa mashine, mimi na wanawake wangu wa uchambuaji. Meneja mpya, mpwa wa mwenye kiwanda, aliyeletwa kutoka mjini hata msimu mmoja hajaumaliza, alikuwa amevaa viatu vyeupe. Kila baada ya maneno machache alivitazama, kuona kama vumbi letu limeshavifikia.

Alisema sisi ni familia. Alisema kuna wakati familia inabidi ijibane ili isonge mbele. Mashine ya kisasa inakuja, inakoboa na kuchambua yenyewe, kwa hiyo baadhi yetu "tutapumzishwa". Neno hilo nililidharau tangu linamtoka mdomoni, na mpaka leo nalidharau. Kwetu Karagwe anayepumzishwa ni ng'ombe aliyeacha kuzaa, na anapumzishwa kwa kisu.

Majina yakasomwa. La mume wangu likasomwa, na baada ya muda langu. Kisha wakatugawia soda. Zilikuwa za moto, zilikuwa zimekaa juani tangu asubuhi, na kijana wa ofisini alipita akisema, "Karibuni, karibuni, msiogope," kana kwamba soda ndiyo iliyokuwa inatutisha. Tulizinywa. Mtu aliyetoka kupigwa kofi hajui afanye nini na mikono yake, ukimpa chupa ataishika.

Nieleze tulikuwa nani. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa, na alikuwa mtu wa kelele. Miaka yote aliyokaa kando ya ule mtambo ilikuwa imempa sauti ya kuita ng'ambo ya bonde. Nyumbani aliomba chumvi kwa sauti iliyofukuza kuku. Kanisani, pale kwetu Nyakasimbi, aliimba besi mpaka wazee waliokaa mbele wakageuka. Mimi nilikuwa msimamizi wa wachambuaji. Wanawake walikaa kwenye mabenchi marefu, kahawa iliyokobolewa imemwagwa mbele yao, wakitoa punje nyeusi, zilizovunjika na zilizoliwa na wadudu, nami nilipita nyuma yao nikitia mkono kwenye kila rundo. Tulikutana kiwandani, tukaoana tukiwa kiwandani, tukaezeka bati na kusomesha watoto kwa kiwanda hicho hicho. Kibanja alichoachiwa na baba yake, shamba letu dogo la migomba, kilitupa ndizi za kula na kahawa kidogo. Kilichobaki kilitoka pale uani.

Majirani walianza kuja jioni ile ile. Habari ya aina hiyo haihitaji bodaboda. Walikuja wakiwa wamevaa nyuso za msibani, wakakaa sebuleni, wakatafuna punje za kahawa yangu ya kukaribisha wageni, kama ilivyo desturi yetu, wakampa mume wangu pole. "Pole sana mzee." "Mwanaume bila kazi, hiyo ni kazi." "Jikaze." Kila aliyeingia alimshika mkono kwa mikono miwili. Halafu walinigeukia mimi, niliyefukuzwa siku ile ile, saa ile ile, na mdomo ule ule, wakaniambia, "Angalau wewe sasa utapata muda wa nyumba."

Nyumba! Watoto wangu wa mwisho wako shule za bweni, mkubwa ameshaolewa Kyerwa. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne na mbuzi mmoja. Nilitaka kuwauliza walifikiri nilikuwa naenda kiwandani kufanya nini miaka yote ile, kutembea? Lakini niliwaletea chai. Mwanamke akipoteza kazi watu huona amerudi mahali pake, kama sufuria iliyokuwa imeazimwa.

Baada ya pole wakaja washauri, na hao nawadharau kuliko meneja, kwa sababu meneja alikuwa na faida yake. Shemeji yangu wa Mwanza alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Wiki ya kwanza alitaka tufuge kware. Wiki ya pili kware walikuwa wamepitwa na wakati, akataka tupande vanila. Kisha parachichi, kisha sungura, kisha akasikia kuna watu wanatajirika kwa senene, panzi wetu wa kuliwa, wa kukaanga na kufungasha kwenye vikopo, akataka tujenge mitego, na ule haukuwa hata msimu wa senene. Mwenyewe ni karani wa ofisi ya serikali tangu nimjue. Hajawahi kufuga hata paka. Kila ushauri wake uliishia na maneno yale yale: "Ni kujiamini tu." Mume wangu alishika simu mbali na sikio lake, akisema, "Ndiyo. Ndiyo. Sawa."

Hizo "ndiyo" na "sawa" ndizo nilizopaswa kuzihesabu, kwa sababu zilikuwa karibu maneno yake ya mwisho. Sauti ya mume wangu ilianza kupungua. Kwanza aliacha kuita watu walioko mbali. Kisha aliacha kuimba, akisimama kanisani na kitabu mkononi, midomo imefungwa. Kisha ikawa ukimuuliza kitu anakujibu kwa kichwa. Ilipofika mvua za vuli alikuwa hasemi kabisa. Alikaa kwenye kiti cha uani akitazama migomba. Ukimpa chakula anakula kidogo, ukimpa jembe analipokea, analishika, na baada ya saa nzima unamkuta amesimama pale pale ulipomwacha. Aliyekuwa na mikono ya kunyanyua mota peke yake, mkanda wa suruali ukawa unamzunguka mara mbili.

Mimi nilikuwa na ugonjwa wangu, ila hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuusikia. Nilikuwa naamka alfajiri na moyo unanidunda kana kwamba nimechelewa, na sikuwa na pa kuchelewa. Kichwa kiliniuma upande mmoja kutwa nzima. Na mikono yangu haikutulia. Nilimwaga maharage kwenye ungo kuyachagua, nikayachagua, nikayarudia, nikatoa hata mazima yaliyokuwa na rangi tofauti kidogo, mpaka jua likatua bila chungu kuwekwa motoni. Siku nyingine niliwafokea kuku. Siku moja nilimfokea mume wangu, nikamwambia kama ni kufukuzwa tumefukuzwa wote, mbona mimi bado naongea? Alinitazama, akainuka, akahamisha kiti chake mbele ya nyumba. Hayo ndiyo yalikuwa majibu.

Ndipo mama mkwe wangu akaja kutoka Rugera, akifuatana na wifi yangu. Mama mkwe ni mtu mpole na simsemi. Wifi ndiye aliyekuja na hukumu mkononi. Aliketi, akakunjua kanga yake magotini, akasema mbele yangu, "Mama, mimi niliwaambia. Mke na mume hawafanyi kazi mahali pamoja. Ni nuksi. Mwanamke huyu alikuwa akisimamia watu wakati mumewe anapaka grisi."

"Aliyetufukuza ana jina na ana gari," nikamwambia. "Mbona humpelekei yeye hiyo nuksi?"

"Unaona, Mama? Unaona mdomo?"

Mama mkwe alitazama chini. "Mwanangu alikuwa anasikika mpaka kwa jirani," akasema taratibu. "Sasa amekuwa kama kaburi. Tufanye kitu."

Kitu chenyewe wifi alikuwa nacho tayari. Kulikuwa na mhubiri kule Mabira, mwenye hema na vipaza sauti, aliyesifiwa kwa kufungua watu waliofungwa. Sisi ni Walutheri, wa aina ya kukaa kimya na kupokezana kitabu cha nyimbo, lakini mtu aliyeshindwa hachagui mlango. Tukaenda. Nilikwenda si kwa imani. Nilikwenda kwa sababu sikutaka mume wangu awe mikononi mwa wifi yangu bila shahidi.

Hema lilikuwa limefungwa kwenye uwanja kando ya njia. Mhubiri alikuwa mwanaume mnene, mwenye leso ya kufutia jasho ambayo alimkabidhi msaidizi na kuipokea tena kama mfalme. Alisikia habari za mume wangu kutoka kwa wifi kwa muda ambao ungetosha kumenya ndizi moja. Halafu alimsimamisha mbele ya watu wote, akakamata kipaza sauti, akatangaza kwamba amemwona. Amemwona nani? Pepo. Pepo gani?

"Pepo la uvivu!" akapiga kelele. "Limemtoa kazini, limemkalisha uani, limemfunga ulimi!"

Watu wakasema amina. Mume wangu hakuwahi kukosa kazini. Alikwenda na homa, alikwenda siku tuliyomzika baba yake, baada ya mazishi, kwa sababu mtambo ulikuwa umekwama na kahawa za watu zilikuwa zinalowa. Na sasa mtu ambaye kazi yake ni kupiga kelele kwenye kivuli alikuwa akimwita mvivu, akilipia umeme kwa sadaka za watu waliotoka kulima.

Akamwekea mkono kwenye paji la uso, akamsukuma. Kule watu husukumwa wakaanguka, ndivyo pepo hutoka. Mume wangu hakuanguka. Akasukumwa tena, kwa nguvu zaidi, wasaidizi wawili wakiwa tayari nyuma yake kumdaka. Hakuanguka. Alisimama kama nguzo ya umeme, machozi yakimtoka polepole bila uso kubadilika. Mara ya tatu akainua mkono wake, akamshika mhubiri kifundo cha mkono, akaushusha ule mkono chini taratibu, kama anavyoondolewa mtoto karibu na jiko. Kipaza sauti kikapiga yowe.

Nilinyanyuka, nikaenda mbele, nikamshika mume wangu. Wifi alikimbia nyuma yetu mpaka njiani.

"Unampeleka wapi? Unamrudisha kwenye mapepo?"

"Namrudisha kwa watu," nikamwambia. "Hapa sijaona hata mmoja."

Tulipanda bodaboda wote wawili, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Alikuwa anatetemeka. Tulipopita kwenye zahanati moja ndogo nilimwambia dereva asimame. Sikuwa nimepanga. Nilifikiri ana malaria, au nilitamani awe na malaria, ugonjwa wenye heshima zake.

Tabibu alikuwa mwanamke kijana, amechoka, koti lake lina doa la wino mfukoni. Alimpima joto, akampima presha, akamchoma kidole kupima malaria. Hakukuwa na malaria. Nilianza kumweleza, nikajiandaa kusikia ushauri wa kware. Yeye akainua mkono kunizuia, kwa adabu, akavuta kiti chake mbele ya mume wangu, akamuuliza, "Shikamoo, mzee. Ulikuwa unafanya kazi gani?"

Nilitazama ukuta. Nilijua hatajibu. Nje mtoto alikuwa analia kwenye foleni, na tabibu hakusogea. Kisha nikasikia sauti kama ya mtu anayefungua mlango uliokwama kwa kutu.

"Marahaba," mume wangu akasema. "Mashine ya kukoboa kahawa."

"Inafanyaje kazi hiyo mashine?"

Akamweleza. Kwanza kwa maneno mawili mawili, kisha kwa sentensi. Jinsi kahawa ya maganda inavyoingia juu, jinsi feni inavyopuliza maganda nje, jinsi unavyojua kwa kusikia tu kwamba visu vimelegea. Alitumia mikono. Tangu siku ya soda mamia ya watu walikuwa wameingia nyumbani kwetu, wametafuna kahawa yangu, wametupa pole na kware wa kufikirika na sungura wa kufikirika, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemuuliza kazi yake ilikuwaje. Walijua tu kwamba haipo.

Tabibu aliandika kitu, kisha akanigeukia. "Na wewe, mama? Ulikuwa unafanya kazi gani?"

Nililia. Sikulia kwa huzuni, naomba hilo lieleweke. Nililia kwa hasira, kwa sababu ilimbidi mgeni aniulize.

Alituambia ugonjwa wa mume wangu unaitwa sonona, kwamba si uvivu wala pepo, unatibika, na kwamba hata mimi sikuwa salama sana. Akatuelekeza hospitali ya wilaya. Huko walimpa dawa, na wakamtaka aende mara kwa mara kuzungumza na muuguzi mmoja mtu mzima. Nami nilikaa kwenye kiti cha pili, nikazungumza pia. Sitasema mambo yalinyooka kama barabara. Kulikuwa na wiki aliongea na wiki alizama tena. Dawa zilimkausha mdomo, zikamlaza mchana. Kulikuwa na siku nilimchukia kwa kuwa mgonjwa kunizidi. Lakini ilipofika wakati wa kupalilia alikuwa anashika jembe na kulitumia, na asubuhi moja nilimsikia akigombana na mbuzi.

Kazi aliipata kwa mtu ambaye hakutupa ushauri hata mmoja. Ni mzee wa duka pale Omurushaka, Mwislamu ambaye babu zake walitoka Tanga, ana mashine ya kusaga nafaka nyuma ya duka. Alikuja kwetu na pikipiki, akakataa kukaa, akamwambia mume wangu, "Mashine yangu inakata mikanda kila wiki. Njoo uisikilize." Alikwenda kuisikiliza, na bado yuko pale. Malipo si kama ya kiwandani. Anarudi amejaa unga mpaka kwenye nyusi. Katika orodha yangu ndefu ya watu wa mwaka ule, huyo mzee simdharau.

Msimu wa kahawa uliofuata, gari lilisimama ukingoni mwa kibanja chetu. Alishuka meneja. Safari hii viatu vilikuwa vya kahawia, amejifunza. Aliniita akiwa mbali.

"Shikamoo, Mama!"

"Marahaba."

"Mama, tumekukumbuka sana. Unajua ile mashine, mambo ya vipuri, bado kidogo. Tunahitaji kina mama wa kuchambua. Wewe wanakusikiliza. Ukiwakusanya ishirini, hata thelathini..."

"Nikiwa nani?"

"Kibarua, Mama. Kwa sasa. Wote vibarua. Halafu tutaona." Akatabasamu. "Si unajua, sisi ni familia."

Nilikuwa nimeshika kikwanyuo cha kukatia majani ya migomba, mti mrefu wenye kisu nchani, na nilimwona akikitazama. Nilikiegemeza kwenye mgomba ili aongee bila hofu. Sikutaka asingizie kuwa nilimfukuza kwa silaha.

"Msalimie mjomba wako," nikamwambia. "Mwambie mwanafamilia mmoja amekataa soda."

Akacheka, akidhani natania, kisha akaona sitanii. Alipogeuza gari alikanyaga miche yangu mitatu ya kahawa. Hata kuondoka hakujua.

Wanawake wengine walikwenda. Asubuhi hupita mbele ya nyumba yangu wamejitanda kanga, wananiamkia, nami naitikia. Wana watoto. Nikisema siwalaumu nitakuwa nimesema nusu ya ukweli. Nawalaumu kidogo, kisha nakumbuka bati la nyumba yangu lilitoka wapi, nanyamaza.

Mwaka huu kikundi cha wanawake kanisani kiliniomba nitoe ushuhuda. Mwenyekiti, mama mwenye moyo mzuri na akili ya haraka mno, alinielekeza kabisa niseme nini: kwamba Mungu alifunga mlango mmoja akafungua mwingine, kwamba kupoteza kazi kulikuwa baraka iliyojificha. Nikasimama. Wanawake wakakaa vizuri kusikiliza, nyuso zimeshaanza kufurahi.

"Mume wangu anaendelea vizuri, nashukuru," nikasema. "Lakini haikuwa baraka. Ilikuwa hasara. Ilitula usingizi na nyama ya mwili, na waliotufanyia wanalala vizuri. Wanaosema ilikuwa baraka waombe ya kwao."

Mwenyekiti alikohoa, akaanzisha wimbo kabla sijakaa. Waliimba kwa nguvu, kama watu wanaofunika chungu kinachofurika. Nilikaa, nikafungua kitabu, nami nikaimba, maana wimbo wenyewe haukuwa na kosa.

Tulipotoka, mama mmoja alinifuata mpaka kwenye njia panda. Ni mke wa mwalimu wa shule moja binafsi iliyopunguza walimu wakati wa likizo, mumewe akiwemo. Siku zote alikuwa akinipita na kichwa juu, nami nilikuwa nimemweka kwenye orodha yangu ya dharau muda mrefu. Alisimama akichezea pindo la gauni lake.

"Dada," akasema, "mume wangu halali. Anazunguka chumbani mpaka kunakucha. Watu wananiambia nimpikie vizuri."

"Mpaka leo wanasema hivyo?"

"Leo asubuhi wameniambia."

"Wajinga," nikasema, na kwa mara ya kwanza nilimwona akicheka. Nikamuuliza kwao ni upande gani. Akanionyesha kilimani, tukapandisha pamoja.